Mbuzi Watatu Njia ya Mitaboni

"Kukimbia unakimbia nini?" Shangazi Munyiva aliuliza. "Ama kuna mtu unamkimbilia?"

Wagaki alikuwa amepiga goti kwenye zulia la sebuleni, akifunga kamba za raba zake. Nje kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Shangazi alisimama mlangoni kabisa, leso imefungwa kifuani, mkono mmoja juu ya komeo, na ilionekana wazi kwamba komeo hilo halifunguliwi mpaka majibu yapatikane.

"Ni mazoezi, Shangazi. Niliwaambia jana. Marathoni ya Nairobi imekaribia, na kocha wangu alisema leo lazima nikimbie ile ndefu."

"Ndefu ya kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka hapa mpaka karibu na Mitaboni, halafu nirudi."

"Mitaboni! Na miguu?" Shangazi alipiga makofi mara moja. "Aiya! Mitaboni watu wanaenda na gari, mwiitu wakwa, binti yangu. Na huko uko na nani?"

"Sina mtu huko."

"Huna mtu, lakini unaenda." Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kaptura, macho yakakaa hapo kwenye kaptura kwa muda. "Hata chai hujakunywa. Mgeni anatoka kwangu gizani bila chai, mapaja nje, anaenda mahali hajui mtu. Nikiulizwa nitasema nini?"

"Waambie Wathome anajua. Yeye mwenyewe amenizoea hivi."

"Wathome!" alisema Shangazi, akafungua komeo bila kuongeza neno. Alivyolitamka hilo jina la mpwa wake, Wagaki hakulipenda.

Sasa, tusimlaumu Shangazi peke yake kwa kushuku. Wagaki mwenyewe alikuwa ameamka na shaka yake tayari, imelala naye kitandani usiku kucha na kumnyang'anya blanketi. Alikuwa muuguzi wa Karatina, mtu wa kupima joto la wengine, na jana jioni alikuwa ameona dalili.

Wathome ndiye aliyemwalika Machakos. Walikuwa wamependana mwaka mzima, tangu siku ile ya mbio za Athi River alipokuwa akigawa maji kando ya barabara, akampa Wagaki kikombe, akasahau kuwapa wengine. Alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja huko, kijana wa maneno machache na kicheko kingi. Safari hii Wagaki alikuja ili Jumapili, baada ya kanisa, apelekwe kuonyeshwa kwa mama mkwe. Alishona hata rinda.

Lakini jana, alipomshusha kwa shangazi yake, Wathome alisema, "Kesho nimeitwa shifti kazini, Athi River. Nitarudi jioni."

"Jumamosi? Na mimi nimekuja?"

"Ni dharura, mpenzi. Na hiyo ya Jumapili... tutaona. Mama anaumwa na magoti sana. Hawezi hata kuamka kwa kiti."

Alisema hayo yote akikagua gurudumu la pikapu yake. Gurudumu halikuwa na pancha. Mwanamume anayekagua gurudumu zima huku akizungumza na mpenzi wake ana neno, na Wagaki hakuwa mtoto.

Kisha wakati wa chakula, Shangazi naye akaleta yake. Alimweleza kwa utaratibu, akimega ugali, kwamba Ukambani mwanamke haolewi kwa pete wala kwa picha za studio. Anaolewa kwa mbuzi tatu za ntheo, beberu mmoja na majike wawili. Zikifika kwa kina msichana, zikatajiwa jina la anayeoa, yule beberu akachinjwa watu wakala, basi mambo yameisha. Hata mtu afe kesho, anazikwa kama mke.

"Na kwenu zimefika?" aliuliza.

"Bado. Wathome alisema Desemba."

"Desemba," Shangazi alirudia, akaangalia ukuta, akauliza kama atakula maharagwe zaidi.

Barabara ilimpokea vizuri. Hewa ya Septemba ilikuwa baridi na vumbi lilikuwa limelala. Alipita Mumbuni pole pole, akiacha mwili upate joto, vilima vya Iveti kulia kwake na vile vya Mua kushoto, matuta ya mashamba yamekaa makavu yakingoja mvua. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni na viondo mgongoni walisimama kumtazama. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alimpigia kelele, "We msichana! Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mzee! Ni mazoezi!"

"Basi punguza, umeshamwacha mbali!"

Wagaki alicheka, na kucheka kulimsaidia. Aki nimekuwa mjinga, alijiambia. Mtu ameitwa kazini, basi. Mbona mama yangu alipokataa niolewe na Mkamba, nilimtetea kwa mdomo mpana? Mbona nilisema Wathome hawezi kunidanganya hata akifundishwa? Alimwambia mama yake hivyo mbele ya wajomba wawili, akaondoka nyumbani bila kuagana vizuri. Akirudi Karatina bila mtu, angeanzia wapi? Ndiyo maana leo moyo wake ulikuwa ukidunda kuliko kasi ya miguu. Alikuwa ameweka kila kitu kwa mtu mmoja.

Baada ya Mutituni kilima kikaanza kweli. Mbio ndefu ina tabia hiyo. Kwanza inakubembeleza, halafu inakudai jasho lote. Alikuwa ameinamisha kichwa akipanda kwa hatua fupi fupi aliposikia nyuma yake mngurumo wa gari lenye kikohozi. Aliujua mlio huo. Jana tu alikuwa ameketi ndani ya gari hilo.

Akasogea ukingoni, akageuza uso.

Pikapu ya samawati ilimpita karibu kabisa. Nyuma walikuwa wamefungwa mbuzi watatu, beberu mweusi na majike wawili, wanalia kwa zamu. Mbele kulikuwa na vichwa viwili. Mmoja ulikuwa wa mama mzee mwenye kitambaa cheupe. Ule wa pili, wa dereva, Wagaki angeutambua katikati ya uwanja wa Kenyatta hapo Machakos siku ya sherehe.

Aliinua mkono. Mjinga yeye, hata alitabasamu.

Taa ya nyuma ikawaka, moja tu, kwa sababu ile nyingine ilikuwa imevunjika. Pikapu ikapunguza mwendo. Kupitia kioo aliona kitambaa cheupe kikigeuka upande wa dereva. Halafu taa ikazimika, injini ikavutwa, gari likapanda kilima na kumwachia vumbi la kumtosha.

Wagaki alisimama. Kocha wake alikuwa na sheria moja, kwamba kwenye mbio ndefu husimami kwa lolote, na leo aliivunja akiwa katikati ya barabara, mkono bado juu.

"Si yeye," alisema kwa sauti. Lakini alikuwa anajidanganya na alijua. Athi River iko upande ule wa Barabara ya Mombasa, na huku ni kwenda Mitaboni. Tangu lini shifti ya kiwanda inafanywa na mbuzi watatu? Na kama yule ndiye mama yake asiyeweza kuamka kwa kiti, amepandaje pikapu?

Mbuzi watatu. Neno la Shangazi likamrudia, pamoja na ule ukimya wake na maharagwe yake. Kumbe Shangazi alijua! Ukoo mzima ulijua, ila yeye peke yake, mgeni mwenye rinda jipya kwenye begi.

Alikimbia. Hakukimbia tena kwa mafunzo. Alikimbia kwa hasira, kwa pumzi za kukata, na machozi yalimtoka yakachanganyika na jasho hata yeye mwenyewe asijue lipi ni lipi. Kama Wathome anaoa, na aoe. Lakini yeye Wagaki aione ndoa hiyo kwa macho yake. Asije akaambiwa kesho kwamba aliota.

Karibu na Mitaboni, pale alipokuwa amepanga kugeuka, aliiona. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya ua wa mnyaa wa boma moja lililo chini kidogo ya barabara. Kulikuwa na watu waliovaa vizuri, na moshi wa mapishi. Kichwa kilimwambia geuka urudi zako. Miguu ikateremka.

Langoni alikutana na mwanamke wa rika lake, amevaa rinda la manjano, nywele zimesukwa upya hadi ngozi ya kipaji cha uso imevutika. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, na kando yake msichana mdogo ameshika rinda lake.

"Wimuseo, dada!" mwanamke alisema kwa uchangamfu. "Nimekuona ukija tangu kule juu nikasema, huyu atakufa. Shika maji."

Wagaki alishika, akanywa. Hakuweza kukataa, ulimi ulikuwa umekauka.

"Asante. Mungu akubariki."

"Wewe ni wale wa Olimpiki? Kunywa yote. Leo ni siku yangu, sitaki mtu apite hapa na kiu."

"Siku gani?"

Yule mwanamke alitazama chini, akatabasamu nusu. "Leo naletewa mbuzi."

Wagaki alimrudishia kikombe. "Hongera," alisema. "Zimetoka kwa nani?"

"Kwa kina Wathome wa kule Katoloni. Hata hiyo gari ni yake."

Alisema tu hivyo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wagaki aliangalia kando, na macho yake yakamwangukia mtoto. Alikuwa na miaka mitatu hivi, kichwa kimenyolewa, na kipaji kile cha Wathome. Aliyekibusu kipaji kama hicho hawezi kukikosea.

"Unaitwa nani, mrembo?"

Mtoto alijificha, akachungulia. "Syokimau."

Jamani. Hata kofi lisingemuuma hivyo. Kwa Wakamba na kwa Wakikuyu hilo halihitaji kuelezwa na mtu. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Na mama yake Wathome alikuwa Syokimau. Wathome mwenyewe alimwambia mwaka jana wakicheka, "Binti yetu wa kwanza ataitwa Syokimau, hata ulie." Kumbe Syokimau alikwisha zaliwa, anatembea, na ana kamasi.

"Dada, unaumwa?" mwanamke aliuliza.

"Ni miguu," alisema Wagaki. Na kweli miguu ilikuwa imeanza kukaza, maana mkimbiaji akisimama ghafla misuli hugeuka mbao. "Naomba niingie nikae kidogo."

"Ingia, lakini si na hizo kaptura! Wazee watapaliwa na uji." Alicheka, akafungua leso iliyokuwa mabegani mwake, akamfunga Wagaki kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza vizuri. "Mimi ni Mbithe. Wewe?"

"Wagaki."

Kama jina hilo lilimwambia kitu, Mbithe hakuonyesha. Wema wake ulimkera Wagaki kuliko angetukanwa. Alitaka amchukie mwanamke huyu, na mwanamke huyu alikuwa anamfunga leso.

Ndani ya boma wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya kanisa, duara. Mama mwenye kitambaa cheupe alikuwa miongoni mwao, na hakuonekana kuumwa na goti lolote. Katikati, amevaa koti, ameshika kamba za mbuzi wote watatu, alisimama Wathome.

Alimwona. Kamba moja ilimponyoka, jike likaanza kutembea kwenda kwenye mihogo, ikabidi mtu alikamate. Wagaki alikaza macho yake kwenye macho ya Wathome, na Wathome akainama kuzikaza kamba upya.

Mzee mmoja mwenye fimbo aliinuka. "Huyo ni baba yangu, Erastus," Mbithe alinong'ona. "Sasa atauliza."

"Tumeona mbuzi," alisema Mzee Erastus kwa Kikamba, na Wagaki aliyafuata maneno. Kikamba na Kikuyu ni majirani wa ukuta mmoja. "Ni mbuzi wazuri. Lakini mbuzi hawaji wenyewe. Tuambieni, wamekuja kwa jina la nani?"

Watu wa upande wa Wathome walianza kushauriana, vichwa karibu karibu. Wagaki hakuweza kujizuia.

"Si jina linajulikana?" aliuliza. "Si baba ya mtoto yuko pale ameshika kamba?"

Mbithe alimgeukia haraka. "Nani? Wathome? Aka! Nani amekuambia hivyo?" Alishusha sauti. "Baba ya huyu mtoto ni Muindi, ndugu yake. Gari ilimmaliza kule Konza hata kabla huyu hajazaliwa."

Muindi. Wagaki alilijua jina hilo. Wathome alikuwa na picha yake kwenye pochi. Lakini alisema, na Wagaki alikumbuka vizuri kabisa, "Ndugu yangu alikufa bila kuacha mke wala mtoto." Mama mmoja, wana wawili. Basi jina la Syokimau lingeweza kutoka kwa yeyote kati yao! Hakuwahi kufikiria hilo, na pale alipokuwa alihisi hewa ikirudi kifuani mwake.

"Lakini walituambia... nimesikia kwamba hakuacha mtoto," alisema.

"Ndivyo mama yao alikuwa anasema. Alinikataa. Ati mimi ni wa barabarani. Juzi aliposikia kuna mwanamume wa Yatta anataka kunioa na mtoto aende naye, ndio akakumbuka ako na mjukuu wa jina lake." Mbithe alivuta pumzi. "Na leo hataki jina la Muindi litajwe. Anataka waseme Wathome. Ati maiti haiwezi kuoa, na mke wa marehemu hawezi kukaa hewani. Ndugu amchukue."

Ile hewa iliyorudi ikakwama tena. "Na yeye Wathome amekubali?"

"Sijui. Tangu wafike hajaniangalia kwa macho."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mtoto wangu awe na kwao. Bwana sijaomba." Halafu Mbithe akatulia, akamtazama Wagaki kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. "Wewe ni Wagaki wa wapi?"

"Karatina."

"Ai, Mwiyai, Mungu wangu!" Mbithe alijishika mdomo. "Ni wewe yule mchumba wa Wathome."

Wakati huo Mama Syokimau, mama yake Wathome, alikuwa amesimama. "Mbuzi zimekuja kwa jina la Wathome," alitangaza.

Mzee Erastus hakumtazama mama. Alimtazama kijana. "Mwenye jina ajisemee mwenyewe. Ni kweli?"

Wathome alikaa kimya.

Jamani, alikaa kimya! Beberu alilia, kuku akapita, na mwanamume mzima, mwenye mdomo wake, amesimama na kamba mkononi hana jibu. Wagaki alihesabu pumzi zake kama anavyofanya kwenye kilima, na kila moja ilimchoma. Sema, alimwomba moyoni. Sema, Wathome. Kukaa kimya hapo pia ni kusema, kwa maana mzee akiona hakuna ubishi atapokea mbuzi, beberu atachinjwa, na mwanamke huyu mwema atakuwa mke wako mbele ya watu na mbele ya Mungu, na mimi nitarudi Karatina nikamwambie mama yangu kwamba alisema kweli.

Wathome alimwangalia mama yake. Kisha akamwangalia Wagaki, leso ya mwenzake kiunoni, chumvi ya jasho imekauka usoni.

"Hapana," alisema. "Ni mbuzi za Muindi. Mimi nimezibeba tu."

"Wathome!" mama yake alipiga kelele.

"Ni za Muindi, Mwaitu. Mke ni wa Muindi na mtoto ni wa Muindi. Nitamsaidia kwa kila kitu. Lakini sitaoa mke wa ndugu yangu."

"Muindi," alisema Mzee Erastus taratibu. "Tumesikia." Akanyoosha mkono, akachukua kamba. Kando ya Wagaki, Mbithe alimbeba mtoto wake, akamficha uso shingoni, akalia bila sauti.

Mama Syokimau aliwafikia kwa hatua za mtu asiye na tatizo la magoti.

"Ni wewe yule wa Karatina?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Umekuja kuniharibia."

"Nimekuja kukimbia, Mama," alisema Wagaki. "Hii ndiyo njia niliyochagua. Sikuambiwa ina mbuzi."

Alifungua leso, akamkunjia Mbithe, akamshika mkono kwa muda. Kisha akapanda kuelekea barabarani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, kila hatua kama kubeba mtungi, lakini hakutaka mtu amwone akichechemea.

Wathome alimfikia juu, anahema, koti limejaa vumbi.

"Wagaki. Ngoja. Nakuomba."

Alingoja.

"Najua nimekosa," alisema. "Uongo wa Athi River nimekosa. Nilitaka hii maneno iishe kwanza, ndio nikuambie."

"Uliniona pale kilimani."

"Nilikuona."

"Nilikuinulia mkono, Wathome."

"Nilikuona. Mama alisema nisisimame. Alisema nikisimama, atashuka arudi kwa miguu na mtoto wa Muindi apotee milele." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Aki ilinichoma. Karibu nigonge mti."

"Ungegonga."

Alicheka kwa uchungu, lakini Wagaki hakucheka. Wathome alisogea, akamshika kiwiko, na mwili wake Wagaki, msaliti ule, ukataka kumwegemea hapo hapo barabarani. Alimpenda. Ndilo lililokuwa baya. Alimpenda na hilo koti lake la kuazima na macho yake mekundu.

"Twende, nikupeleke na gari," alisema Wathome. "Umechoka. Si umesikia nimesema nini mbele ya wazee wote? Nimemkataa mama yangu kwa ajili yako."

"Nimesikia. Nakushukuru."

"Basi ni nini tena?"

Wagaki aliangalia barabara ilivyoteremka kurudi Mutituni. Angeweza kulimeza swali. Wanawake wengi wangelimeza, wakaingia garini, na wangekuwa na harusi nzuri Desemba. Lakini lilikuwa limemkaa kooni tangu alipohesabu zile pumzi.

"Wathome, nataka uniambie ukweli, hata kama ni mbaya. Kama leo ningekimbilia njia ya Kitui, ama ningelala kwa Shangazi ninywe chai. Mzee anauliza, mama yako anasema jina lako, mimi siko pale. Ungesema nini?"

Wathome alifungua mdomo haraka. Wagaki aliliona jibu likija, lile tamu, na aliona pia likikwama njiani. Alimtazama usoni. Safari hii hakukuwa na gurudumu la kukagua.

"Sijui," alisema Wathome mwisho. "Wagaki, walahi sijui."

Hilo alilisadiki. Tangu jana jioni lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake ambalo hakulishuku hata kidogo, na lilimuuma kuliko uongo wote.

"Asante," alisema, na machozi yakamshuka bila kuyaficha. Alimshika shavu mara moja tu. "Mimi Jumapili sitakuwa kanisani kwenu. Nitapanda gari la Nyeri leo. Kwetu unapajua."

"Nije lini?"

"Siku ukilijua jibu. Na uje peke yako, bila mtu wa kukuambia simama au usisimame."

Akageuka, akaanza. Hatua za kwanza zilikuwa za mzee, magoti yanalia, nyayo zinachoma. Halafu damu ikaanza kurudi kidogo kidogo. Nyuma yake Wathome alimwita kwa jina, mara moja, halafu hakuita tena. Wagaki hakugeuka, lakini mpaka Mutituni alikuwa akisikiliza kama kuna gari linakuja, na hakuna lililokuja.